TAHARIRI: Haki bila daftari hupotea bila habari

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wa wakati huo, William Hague, alisimama katika Bunge la nchi yake na kutamka jambo ambalo serikali zilizomtangulia zilikuwa zimelikwepa kwa nusu karne. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa na kudhalilishwa mikononi mwa utawala wa kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, na akasema serikali yake inasikitika kwa dhati. Siku hiyo ilitangazwa kwamba wazee 5,228 watalipwa, kwamba malipo yote, gharama za kesi zikiwemo, ni pauni milioni 19.9, na kwamba mnara wa kumbukumbu utajengwa jijini Nairobi.

Wengi wanaikumbuka siku ile kuwa ni siku ya ushindi wa Mau Mau, na hawakukosea. Sisi tunataka wasomaji wetu, wa nyumbani na wa ughaibuni, waitazame kwa jicho jingine pia. Tunataka wajiulize wazee wale walishinda kwa silaha gani. Hawakuwa na jeshi, hawakuwa na fedha, na kwa miaka mingi hawakuwa hata na serikali yao wenyewe ya kuwasemea. Walishinda kwa kuwa walikuwa hai, walikuwa tayari kusema, na kulikuwa na karatasi zilizothibitisha waliyoyasema.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Taifa lisiloandika dhulma iliyotendwa dhidi ya watu wake litaporwa haki hiyo mchana kweupe, na mporaji hatapata taabu hata ya kukanusha.

Tuanze na historia yenyewe, maana vijana wengi wanaitaja Mau Mau bila kuijua. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Ilidumu hadi Januari 1960. Katika muda huo maelfu kwa maelfu ya watu walizuiliwa kambini bila kufikishwa mbele ya hakimu, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Hatusemi kwamba upande wa pili ulikuwa na mikono safi. Mau Mau nao waliua, na waliowaua wengi wao walikuwa Wakikuyu wenzao. Mauaji ya Lari ya Machi 1953 hayawezi kufutwa. Lakini mhalifu wa msituni alisakwa, akashitakiwa, akanyongwa. Mhalifu wa ofisini alipandishwa cheo.

Mfano unaojulikana zaidi ni Hola, katika bonde la Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa virungu hadi 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya wakubwa ilidai kwamba marehemu walikunywa maji na wakafa kwa maji hayo. Uchunguzi wa maiti ndio uliowaumbua. Mmoja wa walionusurika siku hiyo, Wambugu wa Nyingi, alipigwa hadi akazirai, akawekwa pamoja na maiti. Zaidi ya miaka 50 baadaye, maiti huyo ndiye aliyeingia katika Mahakama Kuu ya London kuidai serikali ya Malkia.

Hapo katikati kulikuwa na kimya, na kimya hicho kilikuwa na wenyewe wawili. Uingereza ilinyamaza kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring akimwonya kwamba kama wanatenda dhambi, basi na waitende kimya kimya. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa makoloni waliagizwa wasiwaachie watawala wapya karatasi zozote zitakazoiaibisha serikali. Nyingine zilichomwa moto, na maagizo yalisema hata majivu yavurugwe yasisomeke. Nyingine zilipakiwa zikapelekwa Uingereza.

Mwenye kimya wa pili ni sisi wenyewe. Serikali ya Kenya huru, chini ya Mzee Jomo Kenyatta, ilihimiza watu wasamehe na kusahau. Amri ya kikoloni iliyoifanya Mau Mau kuwa chama haramu haikufutwa wakati wa Kenyatta wala wakati wa Daniel arap Moi. Ilifutwa mwaka 2003, chini ya Mwai Kibaki, karibu miaka 40 baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Kwa miaka yote hiyo, mzee aliyepoteza uzazi kambini alikuwa, kwa mujibu wa sheria za nchi aliyoipigania, mwanachama wa genge lililopigwa marufuku. Angekwenda kushitaki wapi?

Mlango ulipofunguliwa kidogo, wazee hawakuchelewa. Chama cha wapiganaji wa zamani wa Mau Mau na shirika la Kenya Human Rights Commission walianza kukusanya maelezo ya wahanga, mmoja mmoja: jina, kambi, mwaka, jeraha. Juni 2009 wazee watano walifungua kesi mjini London: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Waliyoyaeleza ni mazito na hatutayarudia yote hapa. Wanaume wawili kati yao walihasiwa. Bi Mara aliingiliwa kwa ukatili akiwa msichana mdogo.

Serikali ya Uingereza haikusema kwamba wazee hao ni waongo. Ilijitetea kwa hoja mbili za kisheria. Ya kwanza ilikuwa kwamba deni la mkoloni lilirithiwa na serikali ya Kenya tarehe 12 Desemba 1963, kwa hiyo wazee wakadai Nairobi. Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuitupa kesi kwa hoja hiyo. Hoja ya pili ilikuwa kwamba muda umepita mno, mashahidi wamekufa, na haki haiwezi kutendeka baada ya nusu karne.

Hapo ndipo karatasi zilipoingia. Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walikuwa wameandika habari za kipindi hicho na wakatoa ushahidi kuwasaidia wazee. Serikali ilipobanwa mahakamani, mwanzoni mwa mwaka 2011 yalijitokeza majalada yapatayo 1,500 yaliyohamishwa kutoka Kenya kabla ya uhuru, yakiwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha Wizara ya Mambo ya Nje kaskazini mwa London. Pamoja nayo yalikuwepo maelfu mengine, zaidi ya majalada 8,000 kwa jumla, kutoka makoloni 37. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki pamoja na umri wake, na sababu kubwa ilikuwa wingi wa nyaraka zilizokuwepo. Watawala wale walikuwa waandishi hodari wa barua. Walichokiandika kikawageukia.

Kati ya wazee watano waliofungua kesi, watatu tu ndio waliobaki nayo siku ya uamuzi huo. Susan Ngondi alikuwa amekwishafariki. Miezi minane baadaye Uingereza ikakubali kumaliza shauri nje ya mahakama, ikisisitiza bado kwamba haibebi dhima kisheria. Mnara ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park tarehe 12 Septemba 2015.

Wasomaji wetu wasije wakadhani kwamba ushindi huo uliwafikia wote. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye katika mahakama hiyo hiyo. Mwaka 2018 walishindwa, kwa sababu Jaji Stewart alikataa kuwaondolea ukomo wa muda. Nchi ni ile ile, kipindi ni kile kile, mateso yanafanana, lakini saa ilikuwa imekwenda. Hilo ndilo funzo chungu la shauri lote hili. Anayetaka kuua haki halazimiki kuipiga risasi. Inatosha kuichelewesha mpaka mashahidi wazikwe.

Sasa tugeuze uso, tujitazame.

Tarehe 21 Mei 2013, wiki mbili tu kabla ya Hague kusimama bungeni London, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake jijini Nairobi. Tume hiyo ilizaliwa na machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100. Ilikusanya maelezo ya wananchi zaidi ya 40,000 kuhusu dhulma zilizotendwa tangu siku ya uhuru hadi Februari 2008, yaani dhulma zilizotendwa na Waafrika dhidi ya Waafrika. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia saini sura ya ardhi, wakilalamika kwamba ilibadilishwa baada ya kukamilika.

Ndani ya ripoti hiyo imo Wagalla. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia, huko Wajir, walikusanywa na vyombo vya usalama katika uwanja wa ndege, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitangaza waliokufa kuwa 57. Tume ilisema walikaribia 1,000. Kati ya 57 na 1,000 kuna mamia ya wanadamu ambao serikali yao iliwafanya kana kwamba hawakuzaliwa.

Mbona ripoti ile haikushangiliwa kama ilivyoshangiliwa kauli ya Hague? Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wahanga. Radhi ilitolewa kwa siku moja. Fedha zilibaki kuwa habari ya magazetini kwa miaka, huku wajane wa Wajir wakizidi kuzeeka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunapomdai Mwingereza tunakuwa wanasheria, wanahistoria na wazalendo. Tunapodaiwa na wa kwetu tunakuwa wahubiri wa msamaha.

Na hili si la Wakenya peke yao. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba waliokuwa wakipinga uchaguzi wa Oktoba 2000. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari na kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Tanzania, nchi iliyojivunia kupokea wakimbizi kutoka pande zote za Afrika, ikawa imezalisha wakimbizi wake. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo CCM na CUF walitia saini Muafaka, na mwaka 2010, tarehe 31 Julai, Wazanzibari walipiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Tuliufurahia muafaka ule, na tuliifurahia zaidi kura ya 2010. Aliyewahi kumwona Mpemba akipeana mkono na jirani yake waliyekuwa hawazikani hawezi kuidharau amani hiyo. Lakini kigogo gani aliyetoa amri ya risasi aliwahi kusimama kizimbani? Hakuna. Viti viligawanywa, jina la kila mfiwa likaachwa nyumbani kwake. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, na wa 2020 ulipoandamana tena na vifo, watu walistaajabu kana kwamba ugonjwa ni mpya, kumbe jeraha lilifunikwa kitambaa bila kuoshwa.

Wapo watakaotujibu kwa methali nyingine: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaiheshimu hoja hiyo kwa sababu wanaoitoa si wote watu wabaya. Wengine wameona vita, na wanaogopa kwamba kufukua makaburi ni kuita maiti wapya. Tunawaambia haya. Wazee wa Mau Mau walifukua, na hakuna Mwingereza hata mmoja aliyeuawa Nairobi kwa sababu ya kesi ile. Kinyume chake, mzee aliyesikia waziri wa nchi iliyomtesa akikiri alirudi nyumbani akiwa na utulivu ambao miaka 50 ya kunyamazishwa haikumpa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Amani inayomtaka aliyeumizwa anyamaze ili aliyemuumiza alale usingizi ni amani ya mtu mmoja.

Tena ubishi huu si wa vitabuni. Katika maandamano ya Kenya yaliyoanza Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilihesabu vifo visivyopungua 60, na vijana wengine wakatekwa na watu wasiojitambulisha. Tanzania, katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, watu waliuawa, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hesabu ya waliokufa ikageuka kuwa mabishano. Mkoloni alichoma karatasi. Mrithi wake anazima mtandao. Nia ni moja: pasiwe na daftari.

Kwa hiyo tunasema wazi. Kwa serikali zetu, tunataka mambo matatu. Ripoti za tume zichapishwe zote, zisomwe bungeni na zitekelezwe, maana tume isiyochapishwa ni kamati ya mazishi. Orodha za waliokufa ziwe na majina badala ya tarakimu. Na ukomo wa muda usiwe ngao ya askari aliyeua raia, kwa kuwa ni serikali yenyewe inayochelewesha uchunguzi, kisha inamlaumu mfiwa kwa kuchelewa.

Kwenu wasomaji wetu tunalo ombi kubwa zaidi, kwa sababu kwa serikali tunaomba, kwenu tunategemea. Sisi tunaoandika kutoka nje, baadhi yetu bila kupenda, tuna kitu ambacho ndugu zetu nyumbani hawana. Tuna nafasi ya kuandika bila kugongewa mlango usiku. Tuitumie. Mpigie simu babu, mpigie simu bibi, mwulize alikuwa wapi mwaka ule, na nani, nani alitoa amri, nani alizikwa wapi. Andika jina, tarehe na mahali. Usimpambie maneno wala usimkatize, andika alivyosema. Maelezo ya aliyeona kwa macho yatenge na ya aliyesimuliwa. Picha na video za simu zihifadhiwe zilivyo, bila kukatwa wala kuwekewa muziki, katika sehemu mbili tofauti, na aliyeipiga aandike siku, saa na mtaa. Majina ya mashahidi walioko nyumbani yasirushwe ovyo mitandaoni, maana daftari la haki lisigeuzwe kuwa orodha ya wa kukamatwa.

Na mlioko London, mnajua kwamba majalada yale ya Hanslope Park sasa yako katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, yakiwa na namba ya mfululizo FCO 141? Yamo ya Kenya, yamo ya Uganda, yamo ya Tanganyika. Kadi ya msomaji hutolewa bure. Kila wiki wanafunzi wa mataifa mengine hukaa pale wakisoma habari za mababu zetu. Ingekuwa vyema siku moja ya mapumziko, badala ya kubishana barazani nani alimsaliti nani, tukaenda wenyewe kusoma jinsi ilivyoandikwa.

Wambugu wa Nyingi na wenzake hawakuwa wasomi. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu, na subira ya kuisema tena na tena mpaka akapatikana wa kuiandika. Waliowatesa walikuwa na dola nzima, na dola hiyo ikashindwa na wazee waliokuwa wakitembelea mikongojo. Watakaoshinda kesho, huko Wajir, Pemba, Nairobi au Mwanza, ni wale ambao ushahidi wao unawekwa leo. Kalamu tunazo, na wazee wangali hai. Tusiwasubirishe.